Wamaori na hataza za uhai: nani aliulizwa?

Mwaka 1988 Del Wihongi, mama wa kabila la Te Rarawa kutoka kaskazini ya mbali ya Nyuzilandi, alikwenda Japani na wenzake kufuata viazi. Havikuwa vya kula. Walichokuwa wanakitafuta ni mbegu ya kūmara, viazi vitamu vya zamani ambavyo mababu wa Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, walivuka navyo bahari kwa mitumbwi, karne kadhaa kabla Mzungu hajaiona nchi ile. Mtaalamu wa mimea aitwaye Douglas Yen alikuwa amezikusanya aina hizo pamoja na mamia ya nyingine kutoka Pasifiki, Asia na Amerika, na baadaye mkusanyiko ukaishia Japani. Ujumbe ulirudi nyumbani na aina tisa.

Yen hakuwa mwizi, na nalisema hili mapema. Bila kazi yake huenda baadhi ya viazi hivyo vingekwisha kupotea, kwa sababu wakulima walishahamia aina kubwa, nene, zinazouzika. Lakini jaribu kujiweka mahali pa mama yule. Viazi ambavyo wazee wako walijifunza kuvilima katika nchi yenye baridi, wakabeba changarawe na mchanga kuchanganya na udongo ili matuta yashike joto, wakachimba maghala ardhini ili mbegu isiozeshwe na majira ya baridi. Viazi vyenye mungu wake, Rongo, na dua zake za kupandia. Halafu unaambiwa viko kwenye maabara ya nchi nyingine, na ukivitaka itabidi uviombe. Swali linalokujia halihusu bei. Unauliza: nani alitoa ruhusa?

Nimesoma mengi kuhusu Wamaori na suala la hataza, yaani haki za kisheria za mvumbuzi, juu ya viumbe hai, na karibu kila mahali nimekuta habari inaelezwa kana kwamba ni ugomvi wa mgawo: kampuni zinapata fedha, wenyeji hawapati, basi wagawiwe. Naona maelezo hayo yanakosea shabaha. Fedha zimo, hakuna anayezikataa. Ila ukiwafuatilia watu wenyewe kwa miaka zaidi ya thelathini, madai yao yamesimama palepale: kabla hujaandikiwa haki juu ya mmea wetu, mnyama wetu au damu yetu, kuna mtu ulipaswa kumwuliza, na mtu huyo ana mamlaka ya kusema hapana.

Miaka mitatu baada ya safari ya Japani, tarehe 9 Oktoba 1991, watu sita walifungua shauri mbele ya Baraza la Waitangi. Walitoka makabila ya Ngāti Kurī, Te Rarawa, Ngātiwai, Ngāti Porou, Ngāti Kahungunu na Ngāti Koata. Baraza hilo liliundwa mwaka 1975 kusikiliza malalamiko ya Wamaori dhidi ya serikali kuhusu Mkataba wa Waitangi, uliotiwa saini tarehe 6 Februari 1840 kati ya machifu na wawakilishi wa Malkia wa Uingereza. Mengi kati ya mashauri yanayofika pale ni ya ardhi: shamba hili lilichukuliwa, mto ule ulizuiwa. Hili la 1991, lililopewa namba Wai 262, lilikuwa la ajabu. Waliomba Baraza litamke nani mwenye mamlaka juu ya mimea na wanyama wa asili wa nchi ile, juu ya vinasaba vyao (jeni zinazobeba sifa za urithi), na juu ya elimu ya kale inayohusu viumbe hao. Msingi wao ulikuwa maandishi ya Kimaori ya mkataba, ambayo yanawahakikishia machifu mamlaka kamili juu ya ardhi zao, makazi yao na taonga zao zote, yaani vyote wanavyovithamini.

Kwa nini 1991? Kwa sababu muongo uliotangulia ulikuwa umebadilisha sheria ya dunia bila watu wengi kutambua. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba bakteria aliyebadilishwa maabara ili ale mafuta anaweza kupewa hataza. Mwaka 1988, mwaka uleule wa safari ya Japani, ofisi ya hataza ya Marekani ilimpa Chuo Kikuu cha Harvard hataza ya panya aliyetengenezwa apate saratani kwa urahisi. Mlango ulishafunguliwa. Kama panya anaandikishwa, kwa nini mti usiandikishwe?

Kwa asiyezoea mambo haya: hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi kuzuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20, naye kwa upande wake huueleza hadharani jinsi ulivyo. Kwa pampu ya maji sina tatizo nayo. Kwa kiumbe hai, mwenyeji huiona kama mtu aliyeongeza dirisha kwenye nyumba ya ukoo akatoka na hati yenye jina lake. Wanasheria hupinga: hati ni ya dirisha tu, nyumba imebaki yenu. Kisheria wako sahihi, na bado hawajajibu kilichoulizwa, maana ukoo hauna habari nani alimfungulia mlango.

Sasa tuje kwenye kiini cha imani yao, maana bila hicho mambo mengine yote yanaonekana ukaidi. Wamaori hupanga ulimwengu kwa whakapapa, nasaba. Ni nasaba pana kuliko tunavyozoea sisi. Inaanzia kwa Ranginui, Baba Mbingu, na Papatūānuku, Mama Ardhi, ikapitia kwa wana wao: Tāne wa misitu, Tangaroa wa bahari, Rongo wa mazao yanayolimwa, na wengineo. Mti ni ndugu wa ukoo mkubwa. Samaki ni ndugu. Kila kiumbe kina mauri, uhai wake unaokishikilia kuwa kile kilivyo. Watu wa eneo fulani ni kaitiaki, walinzi wa viumbe wa hapo, na ulinzi huo ni wajibu wa kurithi. Hawakuuomba, na hawawezi kuuacha wala kuuuza. Kwa mtu wa namna hiyo, kinasaba ambacho mwanasayansi anakiona kama taarifa ya kikemia ni kipande cha babu. Aroha Te Pareake Mead, mmoja wa sauti kubwa za Kimaori katika suala hili tangu miaka ya 1990, amelieleza hilo mara nyingi: kinasaba kina uhai uliotoka kwa wahenga, na waliopo leo wamekabidhiwa tu.

Hapo ndipo hoja moja ya wanasheria inapogeuka kuwa kichekesho. Husema: hataza ni ya miaka 20 tu, ikiisha elimu inakuwa ya wote, kwa hiyo tulieni. Kwa mlinzi wa kurithi hilo ndilo baya zaidi. Miaka 20 kampuni moja imekizuia kitu, kisha kinatupwa sokoni kila mtu akitumie apendavyo, na jambo ambalo wazee walilifundisha kwa masharti, kwa mtu aliyestahili, kwa wakati wake, halina tena sharti lolote. Na kwa kuwa sheria inamtafuta mvumbuzi anayejulikana na tarehe ya uvumbuzi, ukoo mzima uliojua dawa ya gome fulani kwa vizazi kumi haumo kwenye fomu.

Mwezi Juni 1993, makabila ya eneo la Mataatua yalikaribisha mkutano Whakatāne, pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini. Wajumbe wapatao 150 kutoka nchi 14 walikubaliana Azimio la Mataatua kuhusu miliki ya utamaduni na elimu ya watu wa asili. Walitaka, pamoja na mengine, biashara ya mimea ya dawa ya wenyeji na ya vinasaba vya binadamu isimamishwe mpaka jamii husika ziweke kinga zake. Waliopenda kuwaona watu wa hofu walinyamazishwa upesi. Machi 1995 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipewa hataza ya seli zilizotokana na damu ya mwanamume mmoja wa jamii ya Wahagahai, watu wachache wa milimani Papua New Guinea. Kelele zilipigwa Pasifiki nzima, na mwishoni mwa 1996 taasisi hizo zikaiachia hataza yenyewe. Kule Tonga, mwaka 2000, kampuni ya Australia ilitangaza makubaliano na wizara ya afya ya kutafiti vinasaba vya Watonga. Makanisa na watetezi wa haki wakauliza lini wananchi walikubali, na mpango ukafa.

Mgogoro ulionigusa zaidi, hata hivyo, haukuanzia kwenye ofisi ya hataza. Ulianzia zizini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa mifugo ya AgResearch iliomba kibali cha kuwatia ng'ombe nakala ya kinasaba cha binadamu huko Ruakura, karibu na mji wa Hamilton, ili maziwa yao yatoe protini ambayo ingeweza kusaidia utafiti wa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ardhi ile ni ya walinzi wa Ngāti Wairere. Wakasema hapana. Kuchanganya nasaba ya mtu na nasaba ya ng'ombe ni kuvuruga whakapapa za wote wawili, na madhara ya kiroho yatawaangukia wao, kwa kuwa wao ndio wenye wajibu juu ya mahali pale. Sheria ya nchi, ile ya 1996 ya viumbe vipya, inaiagiza mamlaka izingatie uhusiano wa Wamaori na vitu vyao vya thamani. Mamlaka ilisikiliza, ikazingatia, ikatoa kibali.

Nakiri sehemu hii inanigawa. Ndugu yangu angekuwa na ugonjwa huo, ningetaka protini hiyo itoke kwenye maziwa, kwenye mchicha, popote. Na kinasaba chenyewe kilikuwa nakala. Hakuna mtu aliyechunwa. Lakini "kuzingatia" ni kitenzi cha ofisini ninachokijua vizuri. Maoni yako yamepokelewa, yamezingatiwa, asante kwa kuja. Kama imani ya mtu inahesabika pale tu isipomgharimu mwombaji chochote, basi haijahesabika.

Na anayedhani Wamaori wanaipinga sayansi aende Tauranga. Katika eneo hilo kulikuwa na familia kubwa ya Kimaori iliyokuwa ikizika vijana wake kwa saratani ya tumbo, kizazi hadi kizazi. Baadhi ya watu waliamini ni laana. Katikati ya miaka ya 1990 familia yenyewe ndiyo iliyowaendea watafiti wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Otago, wakiongozwa na Parry Guilford, nayo ikaingia kwenye utafiti kama mshirika: ilikusanya nasaba, ikawaeleza ndugu zake, ikakubaliana na watafiti nini kifanyike na damu iliyotolewa. Mwaka 1998 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature: hitilafu kwenye kinasaba kiitwacho CDH1. Leo familia za nchi nyingi hupimwa kinasaba hicho, na wanaokutwa na hitilafu hushauriwa kuondolewa tumbo kabla saratani haijaanza. Elimu ya whakapapa, ile inayodharauliwa kama ngano, ndiyo iliyowawezesha kuchora mti wa ukoo kwa usahihi ambao hospitali nyingi zingeutamani.

Linganisha na 2006, wakati mtafiti kutoka taasisi nyingine ya nchi hiyohiyo aliposimama kwenye kongamano la vinasaba Brisbane na kueleza kwamba aina fulani ya kinasaba cha MAOA ni ya kawaida zaidi kwa wanaume wa Kimaori. Sampuli ilikuwa ndogo. Magazeti yakaandika "kinasaba cha kivita", redio zikaunganisha na magereza na vipigo majumbani. Watafiti wakalalamika kwamba wamenukuliwa vibaya, na wanasayansi wenzao wakaukosoa utafiti wenyewe. Jina likabaki. Ukishatoa damu yako, hadithi itakayosimuliwa nayo hutaiandika wewe.

Shauri la Wai 262 liliburuzwa. Ushahidi ulianza kusikilizwa 1997, ukafungwa 2007, na ripoti, iliyopewa jina Ko Aotearoa Tēnei, ilitolewa tarehe 2 Julai 2011. Miaka 20 kasoro miezi mitatu, karibu umri wa hataza moja. Kati ya wale sita waliofungua shauri, Mama Saana Murray wa Ngāti Kurī peke yake ndiye alikuwa bado hai.

Wengi hudhani Baraza liliwapa ushindi mtupu. Sivyo. Lilikataa kwamba mkataba unawapa Wamaori umiliki wa vinasaba vya viumbe wa asili. Viumbe hao wako kila mahali, lilisema, na wengine nao wana maslahi. Ila lilitamka kwamba uhusiano wa mlinzi na kiumbe chake ni halisi na unastahili kulindwa kwa kiasi kinachofaa, kesi kwa kesi, na likapendekeza kamati ya Kimaori ya kumshauri kamishna wa hataza. Bunge liliifuata sehemu ndogo ya hayo. Sheria ya Hataza ya 2013, iliyoanza kazi Septemba 2014, inakataza hataza juu ya binadamu, inaondoa aina za mimea kwenye hataza, na inaunda kamati ya Kimaori. Kamati humwambia kamishna kama uvumbuzi umetokana na elimu ya Kimaori au na mimea na wanyama wa asili, na kama kuufanyia biashara kunapingana na maadili ya Kimaori. Kamishna ni lazima auangalie ushauri huo. Si lazima aufuate.

Kwenye aina mpya za mimea mambo yalikwenda mbali zaidi, na hapa nimeiona serikali ikifanya kitu kigumu. Mikataba ya biashara ya Pasifiki iliitaka Nyuzilandi iingie katika mkataba wa kimataifa wa wazalishaji wa mbegu, UPOV wa 1991, ambao humpa mzalishaji wa aina mpya haki nzito. Nyuzilandi ilijadiliana ikapata nafasi ya kutunga sheria yake bila kujiunga, kwa hoja kwamba ina wajibu chini ya Mkataba wa Waitangi. Matokeo ni sheria ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023. Kamati ya Kimaori ya humo haishauri tu. Mzalishaji akileta aina mpya ya mmea wa asili, kamati huamua kama haki hiyo itauumiza uhusiano wa walinzi, na ikiamua hivyo, ombi linaweza kukwama. Sheria inaihusisha pia mimea iliyoletwa na mitumbwi kabla ya 1769. Kūmara imo.

Msomaji wa Afrika Mashariki asome aya hiyo huku akikumbuka kilichofanyika Arusha. Tarehe 6 Julai 2015, nchi wanachama wa ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu la Afrika, zilipitisha Itifaki ya Arusha ya kulinda aina mpya za mimea, iliyoshonwa juu ya kiunzi kilekile cha UPOV 1991. Mitandao ya wakulima wadogo ililalamika kwamba iliwekwa kando katika majadiliano. Kenya ilikuwa mwanachama wa UPOV tangu 1999, Tanzania ikajiunga Novemba 2015. Sisemi kwamba tungeiga kamati ya Wamaori. Wao wana mkataba wa 1840 wa kuwabana nao watawala, sisi hatuna karatasi ya namna hiyo. Nasema tu kwamba nafasi ya kujadiliana ilikuwepo, na kuna nchi iliyoitumia.

Kazi nzuri kuliko zote niliyoisoma katika uwanja huu inahusu mnyama, tuatara, mtambaazi mdogo afananaye na mjusi ambaye ndugu zake wote wa karibu walitoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Ramani nzima ya vinasaba vyake ilichapishwa Agosti 2020 na timu ya Neil Gemmell wa Otago. Kabla ya kuanza walikaa na Ngātiwai, walinzi wa visiwa walikotolewa sampuli, wakaandikiana: maamuzi yatafanywa pamoja, na faida ikitokea itajadiliwa pamoja. Bodi ya Ngātiwai imeorodheshwa miongoni mwa waandishi wa makala ile ya kisayansi. Te Witi McMath, mmoja wa wale sita wa 1991, alikuwa mtu wa Ngātiwai.

Lakini makubaliano ya hiari hutegemea mtafiti mwungwana, na siku hizi hata mtafiti mwungwana hahitaji kuja kijijini. Vinasaba vikishasomwa hugeuka herufi kwenye kompyuta, na herufi hazina kituo cha forodha. Mkataba mpya wa shirika la miliki bunifu duniani, WIPO, uliokubaliwa Geneva tarehe 24 Mei 2024, utamtaka mwombaji wa hataza ataje rasilimali za kijenetiki na elimu ya jadi alizozitegemea zimetoka wapi. Ataje. Haumlazimishi kuomba ruhusa.

Desemba 2024 serikali ya Nyuzilandi ilipeleka bungeni muswada wa teknolojia ya vinasaba, wa kulegeza masharti yaliyodumu tangu 1996. Ulipendekeza mdhibiti mmoja wa kutoa vibali, na pembeni yake kamati ya Wamaori. Kazi ya kamati hiyo ingekuwa kushauri.